Maharage ya Ofelia

Kila Jumamosi asubuhi huwa natoa mbegu za pilipili. Nachukua kumi na mbili, zile za wekundu uliokoza karibu na weusi, zilizokauka hadi kukunjamana kama zabibu. Navunja kikonyo, napasua ubavu, nakung'uta mbegu kwenye sinki. Kisha nazipasha juu ya kikaango cha chuma mpaka harufu inikabe koo, nazitosa kwenye maji ya moto na kuzifunika kwa sahani. Pembeni yangu Baba hukata nyama. Nyama ya chili yake, mchuzi wetu mzito wa pilipili, haisagwi. Anaikata kwa kisu, vipande vidogo kama dadu, polepole, kama mtu anayesali rozari. Zamani Mama alikaa katikati yetu, akikaanga bizari nyembamba na kutuchokoza. Tangu afariki tunapika chili ya Jumamosi kimya, na ikiiva tunaila kimya.

Jumamosi ile nilikuwa nimefika pilipili ya saba. Upepo wa kaskazini ulikuwa umeingia alfajiri na kuliondoa joto lote la Novemba kwa mkupuo mmoja, madirisha yakawa yanatetemeka. Nikasikia gari linaingia uani. Sikuhitaji kuchungulia. Pikapu ya Corwin ina kikohozi: ikipanda mwinuko wa langoni hukohoa mara mbili, kisha hunyamaza, kama mgeni mwenye haya anayetafuta namna ya kubisha hodi.

Kisu cha Baba kikasimama.

"Ni yule mtu wa maharage," akasema.

Shangazi Chelo, dada yake Baba, alikuwa mezani akimenya vitunguu saumu. Anakaa ng'ambo ya barabara, na hakuna Jumamosi anayokosa kuja kutumenyea vitunguu na kutusengenyea majirani. Alinyanyuka, akasogeza pazia kwa kidole kimoja.

"Haa! Amefunga godoro juu ya gari. Na sanduku lake la vifaa, na kiti chake kile kibovu. Evaristo, huyu anahama."

Pilipili ya nane ilianguka kutoka mkononi mwangu.

"Ahame," Baba akasema, na kisu kikaanza tena.

"Kwao Kansas, bila shaka," Shangazi akaendelea. "Huko wanakokula chili na maharage, halafu pembeni wanaweka andazi la mdalasini. Andazi, jamani! Hicho ni chakula au ni sherehe ya watoto?"

Siku nyingine ningecheka. Corwin mwenyewe ndiye aliyetusimulia habari ya andazi, mara ya kwanza alipokaribishwa mezani kwetu, na Mama alicheka hadi akashika mbavu. Lakini nilikuwa nimekwisha kuanza kulia, na mtu anayeshika pilipili hafuti machozi. Hilo nililijua tangu nikiwa na miaka minne. Nikaacha machozi yashuke yenyewe hadi kidevuni.

"Delfina," Baba akaniita bila kuinua macho. "Maji yanapoa."

Wiki moja kabla ya hapo tulikuwa na misa ya mwaka mmoja ya Mama. Baada ya kanisa watu walikuja nyumbani, wapatao arobaini, kila mmoja na chombo chake. Na Corwin akaja na chili. Katika kata yetu nzima, mtu akitaka kupika chili, hawezi kuipeleka kwa Evaristo Treviño, ambaye ameshinda mashindano ya chili mara sita, na ambaye mlangoni mwa jiko lake kumepigiliwa ubao ulioandikwa kwa mkono: HAPA HAKUNA MAHARAGE. Corwin aliufunua mfuniko mbele ya watu, na maharage ya madoadoa yakatutazama.

Watu waliguna. Mmoja akacheka. Baba alichukua kijiko, akaonja mara moja tu. Nikaona uso wake unageuka rangi. Akaibeba sufuria hadi nyuma ya nyumba, akawamwagia mbwa chili yote.

Kisha Corwin akanitazama. Hakumtazama Baba, wala aliyecheka. Alinitazama mimi, ambaye kwa miezi ishirini alikuwa akinisubiri kila jioni nje ya shule ninakofundisha watoto wa darasa la kwanza. Alinitazama kwa muda mrefu, akingoja neno moja. Nami nikaanza kukusanya sahani.

Sasa alikuwa uani, na godoro juu ya gari.

"Naenda kuona anataka nini," nikasema.

"Anataka kwenda," Baba akasema. "Mwache."

Nilitoka na mikono yangu yenye pilipili, nikiinyoosha mbele kama mtu anayetembea gizani. Upepo ulinipiga kifuani. Corwin alikuwa amesimama kando ya mlango wa gari, kofia mkononi, nywele zake za rangi ya nyasi kavu zikipeperuka. Alivyoniona, akapiga hatua mbili, akasimama, kisha akapiga ya tatu.

"Umeshika pilipili," akasema.

"Ndiyo."

"Usijiguse macho."

"Najua, Corwin."

Akavuta mkono wa shati lake hadi ukafunika kiganja, akanifuta shavu la kulia, kisha la kushoto. Ndivyo alivyofanya siku ya kwanza kabisa. Alikuwa amekuja kutengeneza pampu ya kisima, akanikuta nalia jikoni huku nimeinua mikono hewani, kwa sababu daktari alikuwa ametuambia habari za Mama asubuhi hiyo. Hakuniuliza nalilia nini. Alinifuta tu, akarudi kisimani. Nadhani nilimpenda kabla sijajua jina lake.

"Kaka yangu amenipatia kazi," akasema. "Naanza Jumatatu. Nikiondoka sasa nitafika kesho mchana."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia Jumapili. Nikakuambia Jumanne. Kila nikikuambia unasema 'haya'. Mtu anaweza kujibu nini kwa 'haya'?"

Nikainamisha kichwa. Ni kweli, nilikuwa nimesema 'haya'.

"Niulize kitu kimoja, Delfina?"

"Niulize."

"Siku ile ya misa. Ulinyamaza kwa sababu ya baba yako, au kwa sababu yako mwenyewe?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa limekaa mdomoni wiki nzima kama kokwa. Nikalimeza tena.

Alingoja. Upepo ukavuma, kamba za godoro zikapiga kelele. Mwishowe akatikisa kichwa, akageuka, akatoa kitu kwenye kiti cha mbele kilichofungwa kwa taulo.

"Basi. Nilikuja kurudisha hii. Si yangu."

Alifungua taulo. Ilikuwa sufuria ndogo ya bati, ya bluu, imebambuka rangi mdomoni, mkono wake mmoja umeshikizwa kwa waya. Sikuwahi kuiona maishani mwangu.

"Ya nani?"

"Ya mama yako."

"Mama hakuwa na sufuria kama hii. Nazijua sufuria zake zote."

"Ilikuwa chini kabisa ya kabati la nguo, nyuma ya mablanketi. Alinionyesha mahali pa kuichukua." Akavuta pumzi. "Delfina, niliapa kutosema. Lakini siwezi kwenda nikikuacha unadhani nilikuja kumdhihaki mama yako kwenye misa yake. Naomba anisamehe huko aliko. Unazikumbuka Alhamisi?"

Nani angezisahau Alhamisi? Katika ule mwaka wa ugonjwa, Mama alikuwa hali chakula. Supu anaigusa na kuirudisha, nyama hataki hata kuinusa. Ila Alhamisi nikirudi kutoka shuleni, naye Baba akirudi kutoka mnada wa ng'ombe, tulimkuta ameketi wima, mashavu yana rangi, anatania. Baba aliamini ni ile dawa mpya ya sindano. Alimpelekea daktari paja zima la mbuzi, akamshika mkono kwa mikono miwili akimshukuru.

"Nilikuwa napita mchana," Corwin akasema. "Mwanzoni kwa ajili ya pampu. Siku moja akaniita ndani, akaniuliza, 'Wewe kijana wa Kansas, ni kweli kwenu mnaweka maharage?' Nikasema ni kweli, mama. Akasema, 'Funga mlango.'"

Nilijikuta nacheka na kulia kwa pamoja.

"Alikaa kwenye kiti, akawa ananiamuru. Weka hiki, toa kile, moto ni mkubwa, unakoroga kama unachanganya saruji. Kila Alhamisi alikula bakuli zima. Bakuli zima, Delfina. Kisha naosha sufuria, naficha, nafungua madirisha harufu itoke. Wiki ya mwisho akanikabidhi sufuria, akaniambia, 'Mwaka wangu ukitimia, wapikie. Nataka iwekwe mezani kwangu mara moja. Lakini usiseme imetoka kwangu.' Nikamwambia watanifukuza. Akasema, 'Wakikufukuza, mwanangu atakutetea.'"

Aliposema hivyo nilitamani ardhi inifunike. Yeye mwenyewe aliona aliponichoma, akataka kusema kitu kingine, lakini macho yake yakapita juu ya bega langu.

Baba alikuwa amesimama barazani. Sijui tangu lini. Alikuwa bado na kisu mkononi, na nyuma yake Shangazi Chelo ameshikilia mlango usibamizwe na upepo.

"Ganda la chungwa," Baba akasema.

Corwin akavua tena kofia aliyokuwa ameanza kuivaa. "Ndiyo, mzee."

"Kipande kimoja, weupe wa ndani umekwanguliwa. Unakitia mwishoni, unakitoa kabla ya kupakua."

"Ndiyo, mzee. Hivyo hivyo."

"Nilikijua kwenye kijiko cha kwanza." Akashuka ngazi, moja, kisha ya pili, akaketi hapo kwenye ngazi. "Chelo, shika kisu hiki. Kijana, lete sufuria."

Corwin alimletea. Baba aliigeuza, akaugusa ule waya.

"Waya huu nilifunga mimi. Nilimwambia aitupe." Aliyasema hayo kwa sufuria, si kwetu. "Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa mvua haikunyesha. Ng'ombe wakafa wote, tukala maharage miezi kumi na mmoja. Chili yetu ilikuwa maji, pilipili na maharage, na kipande cha nyama kama kidole gumba. Kile kipande alikuwa anakitafuta kwa kijiko na kuniwekea mimi. Anadhani sioni. Siku nilipouza ndama wangu wa kwanza, nilinunua nyama, nikaiweka mezani, nikapiga magoti. Nikamwambia, Ofelia, naapa kwa Mungu, katika nyumba yangu hutaonja tena maharage kwenye chili mpaka unakufa."

Akaukwangua waya kwa ukucha.

"Akalia. Nikadhani ni furaha."

Mbwa mmoja alikuja akanusa viatu vya Corwin, kwa urafiki, maana alikuwa anamkumbuka.

"Miaka thelathini na moja," Baba akasema. "Nimepigilia ubao mlangoni. Nimesimama kwenye majukwaa nikijisifu. Na yeye ameketi mbele yangu na hamu yake mdomoni." Akainua uso, na nikaona kwamba alikuwa anamtazama Corwin bila hasira hata chembe, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira. "Ile chili yako niliimwaga si kwa sababu ya maharage. Niliimwaga kwa sababu nilijua ni yake, na nikajua kuna mtu alikula naye. Na hakuwa mimi. Kwa nini hakuniomba mimi? Ningempikia. Ningempikia pipa zima. Kwa nini hakuniomba mimi?"

Corwin alichuchumaa mbele yake ili wawe sawa.

"Nilimuuliza hivyo hivyo, mzee. Akasema, 'Mume wangu aliniapia akilia. Nitamwambiaje kwamba kiapo chake ndicho kinachoninyima?' Akasema kila mwaka ulivyopita neno lilizidi kuwa zito. Mwanzoni lilikuwa dogo tu, angeweza kulisema wakati wa kuosha vyombo."

Baba alifumba macho. Shangazi Chelo aliegemeza paji la uso kwenye fremu ya mlango.

Kisha Baba akauliza, kwa sauti ya mtu anayezungumzia jambo la kawaida, "Uliyaloweka usiku kucha?"

"Hapana. Alinikataza. Alisema kuloweka ni kwa watu wenye muda."

Baba alicheka. Kicheko kilianza vizuri, kisha kikavunjika njiani kikawa kitu kingine, na akaikumbatia ile sufuria kifuani, mabega yakitikisika. Nilikwenda nikakaa kando yake. Sikuweza kumshika kwa sababu ya mikono yangu, nikamwegemezea bega tu. Sikuwa nimewahi kumwona Baba akilia. Hata makaburini hakulia.

Corwin alisimama, akarudi nyuma polepole, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya misa kwisha.

"Mzee Treviño, nisamehe. Shangazi, kwaheri."

"Subiri angalau ule, wewe mtoto," Shangazi akasema. "Safari yote hiyo tumbo tupu?"

"Asante, Shangazi. Nikikaa kula sitaondoka."

Alinitazama mara moja. Hakuniuliza tena. Nafikiri hilo ndilo lililonitisha zaidi: kwamba alikuwa amemaliza kuuliza. Aliingia kwenye gari, akafunga mlango kwa upole kama anavyofunga kila kitu. Pikapu ikakohoa mara moja, ikakohoa mara ya pili, ikawaka.

Mimi nilikuwa bado nimekaa kwenye ngazi. Nataka mnielewe wale mliozaliwa na midomo myepesi. Darasani naweza kuimba na kubweka kama mbwa mbele ya watoto ishirini na wawili. Lakini neno langu mwenyewe, ninalolitaka kwa ajili yangu, hunikwama. Siku zote nilidhani ni upole. Watu waliniambia ni upole: Delfina mtulivu, Delfina kama mama yake. Nami nilijivunia kuwa kama mama yangu.

Nikaiona sufuria ya bluu mikononi mwa Baba, na ule waya.

Gari lilikuwa linarudi nyuma kuelekea langoni. Neno langu lilikuwa na wiki moja tu. Lilikuwa zito tayari, lakini nikafikiri, litakuwaje likifikisha mwaka? Litakuwaje likifikisha thelathini na moja?

Nilikimbia. Kiatu kimoja kilibaki uani. Nilifika wakati magurudumu ya nyuma yameshagusa barabara, nikapiga kioo kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa haifai, na Corwin akakanyaga breki hadi kiti kibovu kikaanguka kutoka juu ya mzigo.

Akashusha kioo. Macho yake yalikuwa mekundu, na yeye hakuwa ameshika pilipili.

"Delfina, usinifanyie hivi. Kama ni kuniaga, tumeshaagana."

"Nilikuonea aibu," nikasema.

Alibaki ameshika usukani.

"Uliniuliza. Jibu ni hilo. Si Baba aliyenifunga mdomo. Watu walicheka, na mimi nikaona aibu kwamba wewe ni wangu, nikaenda kukusanya sahani. Mama alikuambia nitakutetea, na mimi nikakusanya sahani."

"Nilijua," akasema kwa sauti ndogo. "Nilitaka tu nisikie kwako."

"Sijamaliza."

Upepo ulikuwa unanijaza nywele mdomoni, na sikuweza kuzitoa. Nyuma yangu nilisikia mlango wa jiko unabamizwa, na Shangazi Chelo anapaza sauti kwamba pilipili zimelowa kupita kiasi, kisha nikasikia Baba anamwambia anyamaze, amwache mtoto aseme.

"Sijui kama nastahili kukuomba," nikasema. "Labda wakati umepita, labda nimechelewa. Labda ukinijibu hapana utakuwa umefanya haki. Lakini sitaki ukae Kansas ukidhani sikuomba. Nakupenda, Corwin. Usiende. Sikuachii ujue mwenyewe, wala sisemi 'haya'. Nakuomba. Nakuomba wewe."